Masikio ya Baba na Kompyuta Iliyokataa

Baba yangu alipoteza masikio mara mbili. Mara ya kwanza ilichukua miaka mingi, na kazi hiyo ilifanywa polepole na nyundo za karakana ya reli hapa Nakuru, enzi ambazo mwanamume aliyeziba masikio kazini alichekwa hadi saa ya kutoka. Mara ya pili ilichukua asubuhi moja tu, siku kompyuta ya kliniki ilipokufa.

Nieleze vizuri, maana najua watu wanavyodhani mashine ya masikio ni redio ndogo: unatia betri, unaongeza sauti, kwisha. Za baba, alizopata zamani kupitia wafadhili wa kanisa, zilikuwa na kumbukumbu ndani yake. Kompyuta ndiyo iliyoziambia sauti zipi zipandishwe na zipi ziteremshwe, ili mzee asikie watu badala ya kusikia vijiko. Moja ilipasuka, zote mbili zikapelekwa Nairobi kutengenezwa, na zikarudi safi lakini zimefutwa kabisa. Ukizivaa zilipiga mluzi tu. Ili zijazwe upya ilihitajika programu ya zamani, kisanduku cha kuziunganisha, na ile kompyuta kuukuu iliyokaa kwenye kona ya kliniki ya masikio mjini. Wiki hiyohiyo stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, na kompyuta ikatoa moshi.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nina chumba mjini, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, na kwa miaka yote niliyokaa mle sijawahi kumpenda mteja hata mmoja. Mtu anamwaga chai kwenye laptopu, anaianika juu ya mabati, halafu ananiletea akisema, "Boss, sijui imeamua nini." Mwingine anafungua kila takataka inayomwambia ameshinda gari, kisha anashangaa. Lakini niliowadharau kuliko wote ni wale wanaogusa ulinzi. Kompyuta za siku hizi zinakuja zimejifunga. Hazikubali kuwaka na kitu zisichokijua, na hazikubali ile programu ndogo ya kuendeshea kifaa, tunayoiita draiva, kama haina saini ya watu wanaotambulika. Mwalimu mkuu mmoja wa Lanet aliuzima ulinzi wote kwa sababu alitaka kutumia printa aliyorithi kutoka shule nyingine, akiongozwa na video ya mtu asiyemjua. Wiki mbili baadaye mitihani yake yote ilikuwa imeliwa na virusi. Nilimwambia mbele ya mke wake kwamba ametoa mlango wa nyumba ili kochi lipite, kisha akalala bila mlango. Mke alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa namaanisha.

Nilipompeleka baba kliniki nilimkuta daktari wa masikio, mama wa makamo mwenye subira ya kuudhi, ameketi mbele ya kompyuta mpya ambayo skrini yake ilikuwa bado na nailoni. Kando yake alisimama afisa wa ICT wa pale. Alikuwa na kadi mbili shingoni, moja ya kazi na nyingine sijui ya nini, na alitafuna chingamu kwa bidii ambayo sikuiona katika jambo lingine lolote alilofanya.

"Boss, hiyo software ni ya kitambo sana," aliniambia. "System imekataa."

"System ni nani?"

"Ni vile tu iko. Driver haina signature, so policy haikubali."

"Si unaizima hiyo policy kwa muda, unaweka draiva, unarudisha?"

"Hapana, boss. Hiyo ni kitu haifai kuguzwa na mtu yeyote."

Hayo ndiyo maneno ninayowaambia wateja wangu kila siku ya Mungu, na kwa hilo nilimchukia zaidi. Tofauti yetu ni kwamba mimi najua ninachokataa. Nilimuuliza ulinzi wenyewe huzimwa kwenye ukurasa gani, akatazama dari. Debe tupu. Kazi yake yote ilikuwa kusimama kati ya watu na mashine akirudia neno "system" kama katekista anayefundisha sala asiyoijua maana.

"Si mnunulie mzee zingine?" akaongeza. "Hizi zimepitwa na wakati."

Alisema hivyo kana kwamba masikio ni viatu. Baba alikuwa ameketi katikati yetu, kofia mapajani, akitabasamu na kuitikia kwa kichwa. Siku hizo alikuwa akiitikia kila kitu. Ukimwambia mvua inakuja anasema ndiyo, ukimwambia nyumba inaungua anasema ndiyo. Iliniudhi, na kwa kuwa hakusikia, nilizoea kusema mbele yake mambo ambayo mtu husema akiwa peke yake. "Sikio la kufa halisikii dawa," nilimwambia daktari, nikimwonyesha mzee kwa kidole gumba. Daktari hakucheka.

Ningeliacha jambo hilo hapo, nakiri. Baba aliishi kwangu, mtaa wa Section 58, tangu mama afariki, na kusema kweli mzee asiyesikia ni mpangaji mzuri. Hagombani na redio, hasikii watu wazima wakigombana jikoni. Kilichonisukuma ni Jumapili.

Kila Jumapili saa kumi alasiri dada yake alipiga simu kutoka nyumbani, upande wa Kakamega. Kati ya watoto wote wa babu walibaki wawili tu, yeye na baba. Shangazi aliolewa ujanani, akaachana na mume, akarudi kwenye boma la baba yake, na ndimo alimozeekea. Sasa alikuwa mgonjwa wa kitandani, miguu imekataa, na alichobaki nacho ni simu ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, na mdomo. Baba alipokuwa na masikio waliongea saa nzima kwa Kiluhya cha zamani, wakicheka vitu ambavyo hata wangenieleza nisingevielewa. Masikio yalipokufa, simu ikaja mikononi mwangu.

Kazi yangu ilikuwa kumsikiliza shangazi, kisha kumpigia baba kelele puani ili asome midomo. Shangazi hakujua kusoma, kwa hiyo ujumbe wa kuandika haungemfaa. Baba alijua kusoma, na ningeweza kumwandikia karatasini kila alichosema dada yake. Sikuandika hata siku moja. Kiluhya changu ni cha kuokoteza, mwanamke yule aliongea bila nukta, na Jumapili ni siku yangu ya kupumzika. Dakika kumi za maneno yake nilizikunja zikawa sentensi moja.

"Anakusalimia!" nilimpigia baba kelele. "Anauliza kama unakula!"

"Mwambie ninakula."

Siku moja alinitazama, akaitazama simu. "Mbona maneno yake ni mengi na yako ni machache?"

"Anarudia rudia!"

Na kweli alirudia. Kila Jumapili shangazi alifika mahali palepale: boma, shamba, makaburi, wapi atalazwa siku ikifika. Kaka za baba waliokufa waliacha wana, na wana hao walikuwa wameanza kusema kwamba mwanamke aliyekwisha kuolewa hana kaburi kwa baba yake. Basi alitaka baba atoe neno. "Mwambie ndugu yangu anipe neno lake," aliniambia, kila wiki, kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Mimi mambo hayo nayadharau tangu utotoni. Nimeona ndugu wakipigana ngumi mbele ya jeneza kwa sababu ya futi sita za udongo. Mtu mzima, tena anayepumua, anapanga mahali pa kuoza badala ya kumeza dawa zake! Sikuona sababu ya kumsumbua mzee. Nilimjibu shangazi kwa adabu. "Sawa, shangazi," nilisema. "Tutaona."

Halafu ikafika Jumapili moja ambayo sauti yake ilikuwa imepungua sana. Nadhani baba aliiona kwenye uso wangu. Alininyang'anya simu, akaibana sikioni kwa mikono miwili, akafumba macho. Alikaa hivyo hadi simu ikakatika yenyewe. Kisha akanirudishia.

"Sisikii kitu," alisema. "Wewe si fundi? Watu wote wa mji huu unawatengenezea. Nitengenezee na mimi nimsikie dada yangu kabla hajaenda."

Hakuwahi kuniomba kitu tangu nipate kitambulisho. Nilikasirika, kwa sababu kuombwa na mtu uliyemzoea kuwa kimya kunaudhi. Lakini Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa daktari.

Alikubali. Alisema kompyuta za kliniki haziguswi, ni za afisa, lakini nikija na yangu Jumamosi atakuja na kisanduku, tena atakaa hadi kazi iishe. Tatizo lilikuwa diski. Programu yake ilikuwa kwenye zile diski za kung'aa tulizokuwa tukipigia muziki, na draiva iliyokuwa mle ilitengenezewa kompyuta za kizazi kilichopita. Kwenye mpya isingeingia hata ungeibembeleza. Kulikuwa na toleo la baadaye, alisema, ambalo yeye hakupata. Alilipata nesi mmoja waliyesoma naye, aliyewahi kupima masikio ya wafanyakazi wa mashamba ya maua. Alikuwa amestaafu, anakaa Kamere.

Nikaenda Kamere. Nesi nilimkuta kando ya bustani yake, si mbali na ziwa, akiparua samaki na kuwatukana ndege. Nilimweleza shida yangu. Alinyanyua kisu akanionyesha nyanya. Juu ya nyanya, kwenye kamba iliyotoka mti hadi mti, zilining'inia diski sita zikizunguka na kumetameta kwa upepo, ili ndege waogope.

"Hiyo ya masikio ni ya tatu," alisema. "Inafukuza vizuri kushinda zingine."

"Mama, hii ni programu ya hospitali."

"Ilikuwa. Na mimi nilikuwa nesi."

Nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia kwamba nchi hii haitasonga kwa sababu elimu inayotolewa bure hapa huishia kulinda nyanya. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na aliyekuwa na ngazi ni yeye. Alikataa kuishusha hadi nimpe nyingine. "Na ndege je?" aliniuliza, kwa uzito kabisa. Nilitoa diski mbili begini mwangu, akazikagua juani, akachagua ile iliyometa zaidi. Ya kwangu ikapanda, yake ikashuka ikiwa na mavi ya ndege upande mmoja. Niliiosha kwa sabuni ya kipande nyumbani, na katika jaribio la nne ikasomeka.

Jumamosi kabla ya adhuhuri tulikuwa kliniki: mimi, baba, daktari, na laptopu yangu, mpya, niliyoilinda kuliko macho yangu. Afisa wa ICT alikuja pia ingawa hakuwa zamu. Alisimama nyuma ya kiti changu na chingamu yake. Alisema anataka kujifunza. Nilijua amekuja kuniona nikishindwa.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa ufupi. Ilinibidi kuzima kufuli inayokagua kompyuta inapowaka. Kisha niiambie mashine ikubali draiva isiyo na saini, maana waliotengeneza kisanduku kile walikwisha kuacha kukitengeneza, na wangependa dunia nzima inunue kipya. Kisha niipe programu ruhusa ya kuandika ndani ya folda ya mfumo, mahali ambapo siku hizi hapaandikwi na kila mpita njia. Mlango baada ya mlango, nilikuwa nikifanya kile nilichomtukania mwalimu mkuu wa Lanet. Nilijifariji kwamba mimi najua ninachofanya. Hata yeye, nadhani, alijifariji hivyo.

Nilizima kufuli ya kwanza, nikawasha upya, nikangoja kwa maringo. Skrini ikaja ya buluu. Ilisema kwamba imeona mabadiliko, kwamba haimjui mtu huyu, na kwamba haitafungua hadi ipewe ufunguo wa dharura wenye tarakimu arobaini na nane.

Nilikuwa nimesahau kusimamisha kwanza ule ulinzi unaofunga vitu vyote vilivyohifadhiwa. Ni kosa la siku ya kwanza ya kozi. Nimewatukana watu wazima kwa kosa hilo, nimemwambia pasta mmoja kwamba hastahili kumiliki hata kikokotoo. Na sasa nilikuwa nimekaa mbele ya laptopu yangu iliyonifungia nje, masikio yanawaka moto.

"Hiyo ndio nilikuwa nakuambia, boss," afisa alisema. "System."

Ufunguo wangu ulikuwa salama kwenye akaunti yangu, na akaunti niliweza kuifungua kwa simu. Lakini miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani, na maandishi yalikuwa madogo. Afisa alijitolea kunisomea. Alisoma haraka kama mtangazaji wa mpira, akaruka mstari, mashine ikakataa. Akasoma tena, akarudia tarakimu mbili, ikakataa tena. Nilimwambia jambo ambalo daktari alinikemea kwa ajili yake.

Baba alikuwa ametazama yote hayo bila kusikia neno. Alinyoosha mkono, akachukua simu, akavaa miwani yake, akaisogeza mbali kidogo. Kabla ya kuingia karakana aliwahi kuandika namba za mabehewa, akitembea kando ya reli na daftari. Alisoma tarakimu sita, akatua. Akanitazama vidole hadi nikamaliza. Akasoma sita nyingine. Sauti yake ilikuwa kubwa mno, kama ya viziwi wote, na watu wa chumba cha kungojea walichungulia mlangoni. Hakukosea hata moja. Mashine ikafunguka.

Sikumshukuru. Niliona tu kwamba muda umepotea.

Baada ya hapo kazi ilienda. Niliingiza draiva, likatokea onyo jekundu la kuniuliza kama nina wazimu, nikakubali. Kwenye pembe ya skrini yakajitokeza maandishi madogo ambayo hayakuondoka tena.

"Yanasema nini hayo?" daktari aliuliza.

"Yanasema mwenye mashine ameamua kutojilinda."

Taa ya kisanduku ikawa kijani. Programu ikafunguka na vitufe vyake vikubwa vya kizamani, vibaya kama nini, na daktari akapiga kofi moja la furaha mithili ya msichana. Aliunganisha mashine za baba kwa nyaya nyembamba, akafungua faili lake la zamani la karatasi, akaanza kupandisha na kuteremsha. Ilichukua karibu saa nzima. Subira yake, iliyokuwa imeniudhi, ilinifaa siku hiyo. Mwishowe alizichomoa nyaya, akamvalisha baba mashine masikioni, akarudi nyuma hatua mbili na kuongea kwa sauti ya kawaida.

"Mzee, unanisikia?"

 Mkono wa baba ulipanda polepole hadi shavuni.

"Nakusikia, daktari," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, ya mtu wa kawaida. Kisha akageuza kichwa. "Na huyu anayetafuna ni nani?"

Afisa alimeza chingamu. Sijawahi kufurahi hivyo kazini. Nilirudisha ulinzi wote mbele yake, kufuli moja baada ya nyingine, nikimweleza kila hatua kwa sauti ya kumfundisha mtoto wa chekechea, na nilipomaliza nilimwambia kwamba system ni mtu anayeogopa kusoma. Alinishukuru, maskini. Njiani kurudi nyumbani baba alisimama mara tatu: kusikiliza redio ya kinyozi iliyofunguliwa hadi sauti ikapasuka, kusikiliza kuku, na kusikiliza viatu vyake mwenyewe kwenye changarawe. Mimi nilikuwa nikijisifu. Nilimwambia angejua nilivyohangaika. Alisema, "Najua. Nimekuona."

Kesho yake saa kumi simu iliita. Mkono wangu uliifuata kwa mazoea, lakini wake ulifika kwanza. Niliketi kando yake kwenye kochi, miguu nimeinyoosha, nikingoja sifa zangu. Nilitaka amwambie shangazi ni nani aliyemrudishia masikio.

"Mulembe," baba alimsalimia.

 Kisha nikamsikia shangazi, maana alizoea kupiga kelele ili mimi nisikie, na sauti ilitoka kwenye kile kisimu hadi kwangu. Alikuwa analia. Baba alicheka kidogo, akamwita kwa jina la utotoni, akamwambia ni yeye mwenyewe, kweli, anamsikia. Shangazi akaanza kuongea kwa kasi. Uso wa baba ulikuwa umefunguka kama dirisha. Halafu nikauona ukijifunga.

"Nimekataa nini?" aliuliza, kwa Kiluhya.

Alisikiliza.

"Nani alikuambia hivyo?"

Alisikiliza tena, muda mrefu. Hata Kiluhya changu cha kuokoteza kilitosha. Shangazi alikuwa akisema kwamba hana kinyongo. Kwamba amemwomba ndugu yake neno lake kwa miezi mitano, na kila Jumapili amejibiwa tutaona, na mtu mzima akiambiwa tutaona anajua ameambiwa hapana. Kwamba wale wana wa kaka zao wamekwisha kumwonyesha mahali, nyuma ya uzio, anapozikwa mgeni. Kwamba amekubali. Alitaka tu kuisikia sauti yake.

Baba hakunitazama. Aliinuka kwenye kochi, akasimama wima katikati ya sebule yangu ya Section 58, kama mtu anavyosimama mbele ya wazee, akataja jina la babu na jina la bibi. Akasema dada yake atalazwa upande wa kulia wa mama yao, ndani ya boma, na kwamba aliyesema ni yeye, mtoto wa kiume aliyebaki, na anayebisha aje abishane naye. Alisema mara tatu. Alimwambia awaite wale vijana waje kitandani, akangoja hadi wakafika, akawaambia nao, mara tatu. Kisha akamwambia shangazi alale, atamfikia wiki hiyo yeye mwenyewe.

Alipokata simu alibaki amesimama.

"Tutaona," alisema, kwa Kiswahili sasa, ili nisipate pa kujificha. "Hilo ni neno la nani?"

"Ni langu."

"Miezi mitano dada yangu amelala akijua mimi nimemtupa nje ya uzio."

Nilianza kumweleza. Nilisema sikujua uzito wake, kwamba kwetu mjini tutaona ni neno la kawaida tu, linasemwa hata dukani, kwamba sikutaka kumsumbua. Niliyasikia maneno yangu yakitoka na nikaona haya, haya ya kweli, ambayo sikuwa nimeiona hata mbele ya ile skrini ya buluu. Nikayaacha hayo nikaanza kuomba msamaha, na nilikuwa naomba kwa dhati, naapa. Nilikuwa bado naomba alipoinua mkono akaitoa mashine ya sikio la kushoto, kisha ya kulia, akaziweka kwenye kasha lake na kufunga kifuniko.